Mtunza Bustani Hakuuza Mto

Mjini kwetu husemwa kwamba mtunza bustani aliuza mto. Husemwa kwa kinyozi, husemwa sokoni, na siku hizi husemwa hata na watu waliohamia hapa baada ya mambo yenyewe kwisha. Hakuuza. Nalijua hilo kwa sababu ninamjua aliyekosea, na nitafika huko. Kwanza nataka kueleza alivyokuwa, maana mtu akishaitwa msaliti watu husahau mambo yake mengine yote, na yake yalikuwa mengi.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Nilimjua miaka kumi na minane na sikuwahi kumuuliza. Nilimkuta tayari ni mzee wa bustani, kama mtu anavyokuta daraja limeshajengwa.

Bustani yenyewe imekaa kwenye mteremko. Juu, kando ya barabara, kuna ua wa kaiyaba yenye miiba, maua ya mistari, viti vya saruji na njia ya kokoto. Ukishuka hatua kama mia mbili unafika sehemu ya chini, ambayo wakati huo ilikuwa nyasi tupu hadi ukingoni mwa mto, na miti mikubwa ya mikoigo imeinamia maji. Asubuhi isiyo na mawingu uliuona Mlima Kenya kutoka pale, juu ya mabati ya mji. Huko chini ndiko watu walikokwenda. Wanakwaya walifanyia mazoezi huko. Wauguzi waliotoka zamu walilala kwenye nyasi wamejifunika uso kwa leso. Maharusi waliletwa kutoka hata Karatina kupigwa picha kwenye mawe ya mto. Watu walibeba chakula chao wakala, na hapakuwa na kiingilio. Mimi nina kibanda cha kuandika mabango na kuchonga mihuri mkabala na lango, kwa hiyo bustani ilikuwa mbele ya macho yangu siku sita kwa juma, na Jumapili baada ya ibada nilishuka na kitabu.

Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana. Mvua au jua, alivaa kabuti la kijani lililokosa vifungo viwili, na gambuti, na shingoni filimbi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Aliipuliza kwa makosa manne: kukanyaga maua, kuleta mbuzi, kuoga mtoni kwa sabuni, na kijana na msichana kukaribiana kupita kiasi. Kiasi alikijua yeye.

“Nyinyi wawili! Ketini kama watu wako na wazazi!”

Siku moja kijana aliyeambiwa hivyo alijibu, “Guka,” yaani babu, “sisi tumeoana.”

“Mmeoana?”

“Hata tuko na mtoto.”

“Basi endeni nyumbani kwenu. Si mko na nyumba? Hii nyasi ni ya watu hawana nyumba ya kukaa pamoja.”

Watu walicheka, na wale wawili pia wakacheka, lakini walisogea, kila mmoja upande wake. Alikuwa amemaliza kwa neno lake, “Bai oda,” yaani kwa amri, ambalo alilitia mwishoni mwa kila katazo. Nilimuuliza mara moja oda hiyo ilitoka kwa nani, maana ofisi ya mji haikuwa imemwandikia kanuni yoyote. Akasema ni oda ya bustani. Nikamwambia bustani haitoi oda. Akaniuliza, “Wewe umeiuliza?”

Alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyemtuma. Kila asubuhi kabla ya kufungua lango alishuka hadi mtoni, penye kigingi alichokuwa amekipigilia ukingoni na kukichora alama kwa kisu, akatazama maji yamefika wapi, akaandika kwenye daftari la shule. Miaka kumi na minane ninayoijua mimi, na mingine kabla yake. Madaftari aliyaweka katika stoo ya majembe, ndani ya debe, panya wasiyafikie. Nilipomuuliza ya kazi gani, alisema, “Sasa hii mto siku moja ikipungua, utajuaje ilikuwa ngapi?” Maafisa wanne walipita katika ofisi ile nikiwa ninaangalia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza daftari.

Nisimpambe. Hakuwa mtu mpole. Mama mmoja aliyeuza mahindi ya kuchemsha aliwasha moto wake chini ya mkoigo, kwenye shina kabisa, na mtunza bustani akafika. Alishika sufuria kwa kofia yake, akamwaga mahindi yote kwenye nyasi, na maji yake akayamwaga kwenye moto. Yule mama alikuwa na watoto watatu wa shule na yale mahindi ndiyo yalikuwa siku yao. Hakuomba msamaha siku ile wala nyingine. Mama alihamia langoni, na kwa miaka minne walipitana asubuhi na jioni bila salamu. Nilimwambia kwamba angeweza kuuzima moto na kuyaacha mahindi. Akasema, “Ingekuwa mti yako ungesema hivyo?” Haukuwa mti wake pia.

Tena huyuhuyu, aliyempulizia filimbi mtoto wa shule kwa kuchuma ua moja, nilimwona akikata mayungiyungi meupe yote ya tuta la mbele, moja baada ya jingine, akampa mwanamke aliyekuwa ametoka hospitalini amebeba blanketi tupu la mtoto. Hawakujuana. Mwanamke alikuwa amekaa tu kwenye kiti cha saruji. Alimpa fungu lote mikononi, akamwambia, “Funga na majani ya mgomba, yatafika,” akarudi kwenye fyekeo lake. Tuta lilikaa na vishina vitupu miezi miwili. Afisa alipouliza, alisema ni fuko aliyeyala.

Wapiga picha aliwachukia, aliwaita wezi wa nyasi. Lakini msimu wa mvua, njia ya chini ilipogeuka tope, ni yeye aliyewabeba maharusi mgongoni hadi kwenye mawe, kwa sababu ni yeye aliyekuwa na gambuti. Aliwabeba huku akiwagombeza. “Wee, unakula nini? Huyu bwana yako anajua?” Bibi harusi anacheka, gauni limekunjwa mikononi, mashangazi wanapiga vigelegele ukingoni. Nina hakika kuna nyumba nyingi katika wilaya hii zenye picha ambayo pembeni yake linaonekana kabuti la kijani linaondoka.

Sasa nifike kwenye lugha, kwa sababu lugha ndiyo iliyoharibu mambo.

Gikuyu yetu haina sauti ya L. Mtu wa kwetu akisema Kiswahili, L na R humtoka kama sauti moja, na akiandika huandika ile inayomjia kwanza, ambayo mara nyingi ni R. Mtunza bustani aliandika vibao vyake mwenyewe kwa rangi iliyobaki ya viti. Kimoja kilisema USIRARE HAPA. Kingine, kilichoonyesha njia ya kwenda kwenye nyasi ambako chakula kiliruhusiwa, kilisema KURA NI HAPA CHINI. Msimu wa uchaguzi mama mmoja alishuka na kitambulisho mkononi akitafuta sanduku. Alimwambia, “Sanduku ya takataka iko pale. Hiyo ingine sijui.”

Mimi niliishia darasa la saba. Kiswahili nilichonacho nilikitoa kwenye kamusi niliyonunua mitumba, ukurasa kwa ukurasa, jioni baada ya kazi, na kosa la herufi kwenye kibao hunikera kama jiwe ndani ya kiatu. Nikajitolea kukiandika upya bure. Nikaandika KULIA CHAKULA NI HAPA CHINI. Alisimama nyuma yangu hadi nikamaliza.

“Umeongeza maneno.”

“Nimesahihisha, mzee.”

“Watu walikuwa wanaelewa.”

“Yule mama wa kitambulisho hakuelewa.”

Tangu siku ile hakuandika kibao bila kuniletea karatasi kwanza. Alikuwa akivuka barabara, akiweka karatasi mezani na kuuliza, akionyesha kwa kidole chenye udongo, “Hapa ni ile ya kukaa ama ile ya kutembea?” L kwake ilikuwa mtu aliyekaa chini amenyoosha miguu. R ilikuwa mtu aliyetanguliza mguu. Nilimwambia, naye alirekebisha. Mara nyingi sikungoja aulize. Nilichukua kalamu nyekundu nikapiga mstari na kuandika juu yake. Wateja waliokuwepo walicheka, nami sikuwazuia, na hadithi ya KURA NI HAPA CHINI niliisimulia kibandani mara zisizo na idadi. Yeye mwenyewe aliisikia zaidi ya mara moja. Alisimama tu akingoja karatasi yake.

Miaka mitatu iliyopita, Jumatano moja mchana, alikuja na karatasi. Alikuwa na haraka. Afisa mpya alikuwa amemwamuru aende kesho yake na siku ya pili yake kupanda maua kwenye uwanja wa ofisi, kuna wageni wanakuja. Alitaka bango moja la mbao, kubwa, jioni hiyohiyo. Karatasi ilikuwa na mwandiko wake:

WATU WOTE WA BUSTANI. JUMAMOSI SAA NNE. KURA SEHEMU YA CHINI. KUJENI WOTE. BAI ODA.

Hakuuliza ya kukaa wala ya kutembea. Ningepaswa kuliona hilo. Mtu ambaye kwa miaka aliuliza kila herufi, siku moja haulizi, ana sababu. Lakini nilikuwa na muhuri wa shule wa kumaliza, na mwanzoni mwa mwaka uleule kampuni moja ya unga ilikuwa imepika githeri ya mahindi na maharagwe sehemu ileile ya chini na kugawia watu ili ijitangaze. Nilimwona anakosea kosa lake la siku zote. Sikumuuliza. Jioni nilipiga rangi: KULA SEHEMU YA CHINI. Hata BAI ODA nilimwachia, kwa mzaha. Alikuja, akalichukua bango kwapani, akasema asante, akaenda kulipigilia langoni. Alhamisi na Ijumaa hakuonekana.

Inabidi nieleze jambo moja kuhusu watu wetu. Harusini watakula, matangani watakula, kwa sababu wamealikwa na wamechanga. Lakini chakula kinachotangazwa kwenye bango ni cha watu wengine. Mwalimu mstaafu, muuguzi, mzee wa kanisa, mwanakwaya, hawezi kuonekana amesimama foleni na sahani. Ile siku ya githeri, waliokwenda walitaniwa mwezi mzima. Kwa hiyo Ijumaa, waliokuwa wakiipenda bustani zaidi walisimama mbele ya lile bango langoni, wakasoma, wakaguna, wakapanga kukaa nyumbani Jumamosi.

“Wanatuona sisi ni wa kulishwa,” kiongozi wa kwaya aliniambia kibandani. “Mimi Jumamosi sikanyagi hapo.”

“Hata mimi,” nikasema. Na sikukanyaga. Nilifunga kibanda nikaenda kulima.

Haikuwa chakula. Ilikuwa kura. Ofisi ilitaka kuitoa sehemu ya chini kwa watu wa kuosha magari, pampu ziwe karibu na mto, na sheria inadai wananchi waulizwe. Afisa alibandika tangazo lake la Kiingereza kwenye ubao ulio ndani ya ofisi, akamwambia mtunza bustani awatangazie watu wake. Ndivyo alivyofanya. Jumamosi saa nne walikuja wenye sahani: vijana wa stendi, wapiga debe, wachukuzi wa mikokoteni, wengine wasio na kazi. Siwalaumu. Afisa alipowaambia kuna kazi ya kuosha magari, na kwamba mkate na soda viko njiani, walinyoosha mikono. Ni haki yao. Aliuliza ni nani anapinga. Mpiga picha aliyekuwepo kwa kazi yake aliniambia kwamba mtunza bustani peke yake alinyoosha mkono, kabuti limefungwa hadi shingoni kama mtu aliyekuja kanisani, na afisa akamwambia, “Mzee, wewe ni mfanyakazi, huhesabiwi.” Aliendelea kuangalia langoni. Alikuwa akiwangojea wanakwaya na wauguzi na walimu. Alikuwa na hakika wangekuja.

Hayo yote mpiga picha alinieleza Jumatatu asubuhi, ameegemea meza yangu.

“Fundi, ulisikia walipiga kura huko chini?”

“Kura gani?”

Alipomaliza na kuondoka nilivuta droo, nikaitoa ile karatasi. R ilikuwa imeandikwa kwa nguvu hadi imetoboa. Nilijua baadaye kwamba afisa ndiye aliyemwandikia neno lile kwenye kiganja, naye akalinakili. Kwa mara moja katika maisha yake alikuwa na hakika ya herufi.

Mikoigo ilikatwa kwa siku tatu. Walimpa yeye kazi ya kushika kamba, ili miti isiangukie ua. Kigingi kilizikwa chini ya saruji. Sasa huko ni mabomba na kelele za pampu, na povu linakwenda mtoni kutoka asubuhi hadi jioni, sabuni ambayo angeipulizia filimbi. Wanakwaya hufanyia mazoezi kwenye maegesho ya kanisa.

Watu walitafuta wa kulaumu, wakampata kwa urahisi. Yeye ndiye aliyepigilia bango. Bango lilisema kula. Na kwetu mtu aliyechukua hongo husemwa amekula. “Si aliandika mwenyewe?” walisema. “Alituambia wazi anakula.” Kwa kinyozi walimuuliza, “Mzee, leo tunakura wapi?” Yule mama wa mahindi alisema hadharani kwamba mtu anayeweza kumwaga chakula cha watoto anaweza kuuza chochote. Binti yake mtunza bustani alikuwa na meza ya mboga sokoni. Wanawake walisimama mbele ya meza yake wakamuuliza kwa nini bado anauza sukuma wakati baba yake ameshiba. Halafu wakanunua kwa jirani yake. Biashara yake haikufika mwisho wa mwaka. Alifunga meza akarudi kijijini Wamagana, na baba yake, alipostaafishwa mwaka uliofuata, akamfuata huko.

Hakuwahi kusema ni nani aliyeandika bango. Nami sikusema. Nilikuwa na maelezo yangu: kwamba afisa angeshinda kwa njia nyingine, kwamba tangazo la Kiingereza lilikuwepo, kwamba mtu mzima angepaswa kulisoma bango lake kabla ya kulipigilia. Yote matatu ni kweli. Niliyapanga vizuri kichwani kama herufi kwenye trei, na yakanitosha miaka mitatu.

Kilichonitoa humo ni jambo dogo. Mwaka huu, kabla ya mvua ndefu, nilikuwa kwa kinyozi. Kijana aliyekuwa akinyolewa, mgeni mjini, aliuliza ni kwa nini mji huu una mto lakini hakuna mahali pa kukaa. Kinyozi akamwambia palikuwa na mzee, alikula. Kisha akanigeukia kwenye kioo. “Si ndiyo, fundi? Wewe ulimjua.”

Niliitikia kwa kichwa.

Juma lile nilikwenda Wamagana. Nyumba ni ya mbao, chini ya shamba la majani chai. Nilimkuta ameketi barazani na blanketi magotini, bila kabuti, na bila kabuti alikuwa mtu mdogo sana. Binti yake alinisalimia kwa heshima, akaniletea chai kwenye kikombe cha wageni, akarudi jikoni. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

“Fundi,” mzee alisema. “Umezeeka.”

“Kidogo, mzee.”

“Si kidogo.”

Tulizungumza habari za mvua. Aliuliza kama ua wa kaiyaba umekatwa. Nikamwambia umekatwa vibaya. Kisha nikamwambia nilichokwenda kusema: kwamba aliandika R, na mimi nikaigeuza kuwa L bila kumuuliza.

“Najua,” alisema.

“Ulijua lini?”

“Hiyo Jumatano. Nilikuwa nimeshika nyundo. Nikaona neno yangu imekaa chini.”

“Mbona hukurudi kuniuliza? Kibanda kilikuwa mbele yako.”

Hakuwa na hasira usoni, na ningeipenda zaidi hasira.

“Hizo karatasi nilikuletea miaka hiyo yote,” alisema. “Siku gani hata moja uliniambia, mzee, hapa umeandika sawa?”

Nilitafuta. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kukumbuka mambo kwa utaratibu, nilitafuta kwa utaratibu, mwaka baada ya mwaka. Sikupata hata siku moja.

“Basi nikasema ni mimi tena,” akaendelea. “Nikasema hata ile afisa aliniandikia kwa mkono nimenakili vibaya. Fundi amesoma. Hawezi kukosa neno ya herufi nne.”

“Na baadaye, walipokutukana? Kwa nini hukunitaja?”

“Niseme nini? Ati niliona na nikapigilia msumari?”

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Aliinua mkono kunizuia, kama alivyokuwa akiwazuia watu kwenye maua. Kisha akaita kuelekea jikoni, “Maitu.” Mama: ndivyo baba wa kwetu anavyomwita binti aliyepewa jina la mama yake. Binti alitokea akifuta mikono kwa aproni.

“Keti hapo,” alimwambia. “Fundi ako na maneno.” Halafu akanigeukia. “Anza tena. Pole pole. Anza pale nilikuja na karatasi.”

Nilianza tena. Mara ya kwanza nilikuwa nimesema kwa sentensi mbili. Safari hii ilibidi niseme yote: karatasi, haraka, muhuri wa shule, rangi, droo. Binti alisikiliza ameweka mikono mapajani. Nilipomaliza alimtazama baba yake, si mimi.

“Kwa hivyo baba aliandika vizuri?”

“Aliandika vizuri,” nikasema.

“Na wewe umejua tangu lini?”

“Tangu Jumatatu.”

“Jumatatu gani?”

“Iliyofuata kura.”

Nilimwona akihesabu.

“Nilikuwa bado niko na meza sokoni.”

“Ndiyo.”

“Ulinunua kwangu sukuma hiyo wiki. Nakumbuka. Ni wewe peke yako ulinunua. Nikasema huyu ni mtu mzuri.”

“Ndiyo,” nikasema, kwa sababu nilinunua.

Alisimama. Aliinua kikombe changu, ambacho kilikuwa bado kimejaa, akarudi nacho jikoni. Tulisikia chai ikimwagwa nje, kwa mlango wa nyuma. Mzee hakumwita.

Mawingu yalikuwa yakishuka juu ya majani chai. “Mvua inakuja,” alisema. “Hii barabara huwa mbaya.”

Nikasimama. Hakunipa mkono, nami sikuutoa wangu.